Umbali na muda wa safari ya ndege kati ya Dar es Salaam na Mpanda

Umbali wa anga kati ya Dar es Salaam na Mpanda ni takriban kilomita 900 ukipimwa kwa mstari ulionyooka kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere hadi Kiwanja cha Ndege cha Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Ndege ya abiria ya pangaboi ikienda moja kwa moja huhitaji kama saa moja na dakika 40. Lakini safari nyingi za abiria hupitia Tabora, na hapo muda hufikia saa mbili na nusu au zaidi. Kwa mkazi wa Katavi namba hizo mbili hazina uzito sawa: umbali haubadiliki, ila muda hutegemea kituo cha njiani, aina ya ndege, hali ya hewa na siku ambazo ndege ipo.

Viwanja viwili

Kiwanja cha Julius Nyerere kipo Kipawa, kama kilomita 12 kusini-magharibi mwa katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kipo mita 55 hivi juu ya usawa wa bahari. Majiranukta yake ni nyuzi 6 dakika 52 Kusini na nyuzi 39 dakika 12 Mashariki. Kina majengo matatu ya abiria: la tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, ni la safari za kimataifa, na ndege kubwa za safari za ndani hutumia jengo la pili. Jambo hili si dogo kwa mtu anayesafiri mara ya kwanza, kwa kuwa majengo hayo hayapo mahali pamoja, na dereva wa teksi asipoambiwa mapema anaweza kumshusha abiria mahali pasipo pake.

Kiwanja cha Mpanda kipo ndani ya manispaa ya Mpanda, kwenye nyuzi 6 dakika 21 Kusini na nyuzi 31 dakika 5 Mashariki. Ardhi yake iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina lami. Kwenye tiketi kiwanja hiki huandikwa NPY, wala si herufi zinazofanana na jina la mji, kwa hiyo abiria asishtuke akiziona. Dar es Salaam huandikwa DAR na Tabora TBO. Marubani na waongozaji wa ndege hutumia alama nyingine za herufi nne: HTDA kwa Dar es Salaam, HTTB kwa Tabora na HTMP kwa Mpanda. Herufi mbili za mwanzo, HT, ni za viwanja vyote vya Tanzania, kama vile HK ilivyo ya Kenya na HU ya Uganda.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Idadi imezidi mara mbili katika miaka kumi, na haja ya usafiri wa kwenda mbali imekua pamoja nayo.

Jinsi umbali unavyokokotolewa

Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne anaweza kuupata umbali huu mwenyewe kwa kalamu na kikokotoo, na ni zoezi bora kuliko kukariri jibu. Kinachohitajika ni kujua kwamba nyuzi moja ya latitudo ni sawa na kilomita 111.2 hivi juu ya uso wa dunia.

Kwanza hutafutwa tofauti ya kaskazini na kusini. Nyuzi 6 dakika 52 ukitoa nyuzi 6 dakika 21 hubaki dakika 31, yaani nyuzi 0.52. Zikizidishwa kwa 111.2 hupatikana kilomita 58. Kwa hiyo Dar es Salaam iko kusini ya Mpanda kwa kilomita 58 tu, jambo linalowashangaza wengi ambao kwenye mawazo yao Mpanda iko mbali kusini kwa sababu zamani ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa.

Pili hutafutwa tofauti ya mashariki na magharibi. Nyuzi 39 dakika 12 ukitoa nyuzi 31 dakika 5 hubaki nyuzi 8 dakika 7, yaani nyuzi 8.12. Hapa kuna mtego. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri mtu anavyoondoka kwenye ikweta, kwa hiyo nyuzi moja ya longitudo huwa fupi kuliko kilomita 111.2. Ufupi huo hupatikana kwa kuzidisha kwa kosaini ya latitudo. Latitudo ya katikati ya viwanja hivi ni nyuzi 6.6, na kosaini yake ni 0.993. Basi 8.12 mara 111.2 mara 0.993 hutoa kilomita 897.

Mwisho hutumika kanuni ya Pitagora: kipeo cha pili cha 897 kikijumlishwa na kipeo cha pili cha 58, kisha kutafuta kipeuo cha pili, jibu ni kilomita 899. Kwa maili za baharini, ambazo ndizo hutumika katika usafiri wa anga, gawanya kwa 1.852, zinapatikana maili 485. Kwa maili za kawaida ni kama 559.

Mwalimu mkali atauliza: dunia ni duara, na Pitagora ni ya karatasi bapa, sasa inakuwaje? Ni kweli kwamba njia fupi kabisa juu ya tufe ni ile ya duara kuu, na kwa safari ndefu, kwa mfano Dar es Salaam hadi London, hesabu ya karatasi bapa hupotosha vibaya. Kwa miji miwili iliyo karibu na ikweta na isiyopishana hata nyuzi tisa, kosa haliwezi kuonekana kwenye tarakimu zilizotumika hapa. Linaloleta tofauti kubwa zaidi ni kwamba rubani hafuati rula. Hupanda akielekea upande ambao upepo wa kiwanjani unamtaka, hufuata njia za anga zilizopangwa, kisha hugeuka kujiweka sawa na njia ya kutua. Kilomita zinazoongezeka kwa namna hiyo huweza kuwa kumi, ishirini au zaidi.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa miji mingine huonyesha mahali Mpanda ilipo hasa. Kutoka Mpanda hadi Bujumbura ni kama kilomita 390, hadi Mwanza 480, hadi Kigali 500, na hadi Lubumbashi 700. Yaani jiji kubwa la Burundi na mji mkuu wa Rwanda, na hata jiji la kusini kabisa mwa Kongo, ipo karibu na Mpanda kuliko Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ni kilomita 670 hivi tu. Anayekwenda Mpanda anasafiri mbali kuliko anayekwenda nchi jirani, ingawa tiketi yake imeandikwa safari ya ndani. Dodoma ipo karibu katikati ya mstari wa Dar es Salaam na Mpanda: ni kilomita 515 hivi kutoka Mpanda, na kwa mtumishi anayefuata shughuli wizarani kuhamia kwa serikali Dodoma kumeikata safari kwa zaidi ya theluthi moja.

Mwendo wa ndege

Ndege iliyozoeleka zaidi katika safari za Air Tanzania kwenye viwanja vya mikoani ni De Havilland Dash 8-400, yenye pangaboi mbili na viti 76. Ndege mbili za kwanza za aina hiyo zilipokewa na shirika hilo mwaka 2016. Mwendo wake mkubwa wa angani ni kama kilomita 667 kwa saa, sawa na noti 360. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Kwa hesabu ya kawaida ni busara kuchukua kilomita 620 kwa saa, maana ndege haiendi kwa nguvu zote wakati wote.

Kilomita 899 zikigawanywa kwa 620 hutoa saa 1.45, yaani dakika 87. Kisha huongezwa dakika zinazopotea wakati ndege inapanda polepole na kushuka polepole, kama dakika 15. Jumla ni dakika 102. Hiyo ndiyo saa moja na dakika 40 iliyotajwa mwanzoni.

Ndege ndogo za injini moja kama Cessna Caravan, zinazopendwa na kampuni za kukodi, huenda kama kilomita 300 kwa saa. Zikienda moja kwa moja zingehitaji saa tatu. Baadhi ya watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi hawashuki Mpanda kabisa. Hutua kwenye uwanja mdogo wa Ikuu uliomo ndani ya hifadhi. Kwa upande mwingine, ndege ya jeti inayokwenda kilomita 830 kwa saa ingemaliza umbali huu kwa dakika 65 na nyongeza ya kupanda na kushuka. Tofauti ya jeti na pangaboi kwenye safari ya namna hii ni chini ya nusu saa, wakati pangaboi hutumia mafuta machache na hutosheka na njia fupi. Ndiyo maana malalamiko ya kwamba mikoa ya pembezoni inapewa ndege za mapanga hayana nguvu sana. Lalamiko lenye uzito zaidi ni la ratiba.

Kituo cha Tabora

Abiria wengi hudhani kwamba kupitia Tabora ni kuzunguka sana. Ramani haikubaliani nao. Kiwanja cha Tabora kipo nyuzi 5 dakika 5 Kusini na nyuzi 32 dakika 50 Mashariki. Kwa kanuni ileile, Dar es Salaam hadi Tabora ni kilomita 732, na Tabora hadi Mpanda ni kilomita 240. Jumla ni 972. Mzunguko wote ni kilomita 73 tu, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika saba.

Muda unaopotea uko kwingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni dakika 71 za mwendo na 15 za kupanda na kushuka, jumla 86. Kutoka Tabora hadi Mpanda ni dakika 23 za mwendo, lakini zile 15 zinarudi upya, jumla 38. Katikati yake ndege hukaa chini: abiria wa Tabora washuke, mizigo yao itolewe, wengine wapande, mlango ufungwe. Ikichukua nusu saa, safari nzima ni dakika 154, yaani saa mbili na dakika 34. Ukilinganisha na safari ya moja kwa moja, zimeongezeka dakika 52, na katika hizo dakika saba tu ni za umbali. Zilizobaki 45 ni za kutua na kuruka tena.

Sababu ya kupitia Tabora ni ya kibiashara. Viti 76 haviwezi kujazwa na abiria wa Mpanda peke yao kila safari, na ndege yenye viti vitupu hupata hasara. Kwa kuunganisha miji miwili ndege hujaa. Kwa hiyo kituo kinachomchelewesha abiria wa Mpanda ndicho pia kinachomwezesha kuwa na ndege. Hata hivyo kina athari nyingine ambayo haionekani kwenye ratiba: jambo lolote likiharibika Tabora, iwe mvua au mgonjwa aliyeshushwa, Mpanda nayo huchelewa, na wanaosubiri kurudi Dar es Salaam kwa ndege hiyohiyo huchelewa pia.

Upepo, joto na mvua

Katika latitudo hizi pepo nyingi hutoka upande wa mashariki. Ndege inayokwenda Mpanda mara nyingi husukumwa kutoka nyuma, na inayorudi Dar es Salaam hukutana na upepo usoni. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiwa nyuma, mwendo juu ya ardhi huwa 650 badala ya 620, na dakika 87 hupungua hadi 83. Ukiwa mbele, mwendo huwa 590 na dakika hufika 91. Kwa hiyo kwenda na kurudi havilingani, ila tofauti ni ya dakika nane tu.

Joto na mwinuko vina uzito zaidi. Hewa ya moto, na hewa ya mahali palipoinuka, ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupumua kidogo. Mchana wa Oktoba, mwezi wa joto kali Katavi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka kuliko asubuhi yenye ubaridi, na pengine hulazimika kupunguza uzito. Mzigo unaoachwa nyuma ili uje kwa safari inayofuata si lazima uwe uzembe wa mtu.

Mvua za Katavi huanza kwenye Novemba na kuishia Aprili au Mei. Mawingu ya radi hujengeka zaidi alasiri. Rubani hayapiti katikati. Huyazunguka au husubiri.

Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Hakuna mabadiliko ya saa kati ya Dar es Salaam na Mpanda, kwa kuwa nchi nzima hutumia saa ya Afrika Mashariki. Jua lakini halifuati sheria ya nchi. Dunia hugeuka nyuzi moja kwa dakika nne, na nyuzi 8.12 ni dakika 32. Jua huchelewa kiasi hicho kufika utosini Mpanda, na mgeni kutoka Pwani hushangaa kuona bado kweupe wakati kwao giza limeshaingia.

Kosa linalowagharimu wasafiri zaidi ni la kusoma tiketi. Tiketi huandikwa kwa saa zinazohesabiwa kutoka usiku wa manane, na Kiswahili huhesabu kutoka mapambazuko. Tiketi iliyoandikwa 10:00 ni saa nne asubuhi. Anayeisoma kuwa saa kumi atafika kiwanjani alasiri, ndege ikiwa imeondoka saa sita nzima kabla yake. Kanuni ni kutoa sita: 13:50 ni saa saba na dakika hamsini mchana. Namba ikiwa ndogo kuliko sita, huongezwa sita. 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Katika njia yenye ndege nyingi, kama Dar es Salaam na Mwanza, aliyekosea hivyo hupanda inayofuata. Kwa Mpanda safari zimekuwa za siku chache kwa wiki. Aliyekosa ndege hasubiri saa bali siku, na kama ni mgonjwa mwenye miadi Muhimbili au mwanafunzi anayewahi usajili, mara nyingi huishia kwenye basi.

Mlango kwa mlango, na njia za ardhini

Muda wa angani ni sehemu tu ya safari. Mashirika huwataka abiria wafike mapema, kwa kawaida kama saa mbili kabla. Anayetoka Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ana zaidi ya kilomita 100 za barabara kabla ya kufika Mpanda, na huenda akalazimika kulala mjini siku ya kuamkia safari. Upande wa Dar es Salaam kuna foleni, ambapo kilomita 12 za kuingia mjini huweza kuchukua saa nzima. Kwa hiyo saa mbili na nusu za tiketi huwa saa sita au saba kutoka mlango hadi mlango, hata kwa mkazi wa Mpanda mjini.

Kwa barabara ni karibu kilomita 1,200 kupitia Morogoro, Dodoma, Manyoni na Tabora. Kipande cha Tabora hadi Mpanda kupitia Koga, kilomita 343 hivi, kilikuwa kwa miaka mingi cha udongo na cha taabu masika. Kukamilika kwa lami yake mwanzoni mwa miaka ya 2020 kumebadilisha usafiri wa mkoa kuliko jambo lingine lolote la karibuni, ndege ikiwemo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, bila kusimama popote, ni saa 15. Kwa hali halisi ya vituo, mizani na chakula ni karibu siku nzima. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, abiria si lazima alale njiani.

Reli ndiyo iliyotangulia zote. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na mji wenyewe ulikua kwa sababu hiyo. Treni ya zamani kutoka Dar es Salaam hupitia Tabora na Kaliua na huchukua zaidi ya siku moja. Treni ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imeongeza njia ya nne: treni hadi Dodoma, kisha basi hadi Mpanda. Wanaotumia njia hiyo huokoa saa kadhaa katika nusu ya kwanza, ila hubakiwa na kilomita zaidi ya 700 za lami mbele yao.